Vishikio Vilivyong'aa

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alivua sare, akanywa maji, akajifunga kitambaa puani, kisha akaketi kwenye kigoda nje ya karakana ya shangazi yake kuanza kazi aliyoichukia kuliko zote duniani: kuchekecha vumbi la mbao. Jina lake halisi lilitumiwa na walimu tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chapuchapu, maana msichana huyo hakuwa na jambo alilolifanya polepole. Alikula chapuchapu, alifua chapuchapu, na hata kusema alisema chapuchapu mpaka watu wakamwomba arudie.

Sasa, kuchekecha hakutaki haraka. Vumbi lilitoka kwa seremala likiwa na vipande na maganda tele. Lilianikwa juani, likapitishwa kwenye chekecheo, likarudiwa, likarudiwa tena, mpaka likawa laini kama unga. Kitambaa au hapana kitambaa, lilimwingia puani, likamkalia kwenye kope, akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Na akimaliza debe moja, seremala ameshaleta jingine.

"Shangazi, kwani haya mavumbi ni ya nini? Si tumimine gundi yenyewe, tumalize?" alilalamika siku moja.

"Gundi peke yake ikikauka inapasuka," Shangazi alimjibu bila kuinua uso. "Vumbi la mbao linaipa nguvu, na halipitishi moto. Chekecha, mwanangu, acha maneno."

Shangazi alikuwa fundi wa vishikio vya sufuria. Alichukua gundi nzito ya kopo, akatia vumbi la mbao, akakoroga, akaongeza dawa ya kukaushia, akamimina kwenye kalibu, chombo chenye umbo la kishikio. Kesho yake vishikio vilitoka vigumu, vya rangi ya kahawia. Sufuria zenyewe zilikuwa za alumini. Zilitengenezwa na jirani yao, fundi mmoja mnene mpenda mzaha ambaye mtaa mzima ulimwita Chuma, na yeye ndiye aliyevifunga vishikio kwa skrubu.

Watu walivipenda vishikio vya Shangazi kwa jambo moja. Sufuria ichemke mpaka kifuniko kicheze, wewe unaishika kwa mkono mtupu na kwenda nayo utakako. Na Shangazi hakutoa mzigo kabla ya kuujaribu. Alifunga kishikio kimoja kwenye sufuria, akachemsha maji kwa muda mrefu, kisha akakikamata na kuanza kupiga soga na Chuma. Akiweza kumaliza kisa kizima bila kuondoa mkono, mzigo uende. Na visa vya Shangazi havikuwa vifupi.

Kilichomponza Chapuchapu ni kupenda vitu vinavyong'aa. Chini ya mashine ya Chuma ya kung'arishia sufuria kulijaa vumbi la alumini, la kijivu, laini, lenye kumeta. Siku moja aliomba kidogo, akanyunyiza chembe chache kwenye mchanganyiko. Lo! Vishikio vilitoka vimejaa nyota. Shangazi alivigeuzageuza, akafunga kimoja, akachemsha maji, akakishika mpaka akamaliza kisa cha harusi ya binamu yake. Kishikio kilikuwa baridi.

"Urembo wa kiasi hiki hauna neno," alisema akicheka. "Kumbe nina mrembo karakanani!"

Wateja nao walisifu. Chapuchapu akavimba kichwa, na katika maneno yale ya Shangazi akabaki na "hauna neno" tu. Lile la "kiasi hiki" lilimpita kama upepo.

Haukupita muda, kituo cha kulelea watoto kikaagiza sufuria kubwa ya kuchemshia maziwa. Wiki hiyo Shangazi alishikwa na homa, akalala. Chapuchapu kwa upande wake alikuwa na mashindano ya kuruka kamba na wenzake, na kila jioni alisema atachekecha kesho. Siku ya kumimina vishikio ilipofika, debe la vumbi laini lilikuwa tupu.

"Vumbi limetosha?" Shangazi aliuliza kutoka kitandani.

"Limetosha!" Chapuchapu alijibu. Neno lilimtoka lenyewe. Sasa afanye nini? Akatazama kule kwa Chuma. Vumbi la alumini lilikuwa limejaa ndoo, limeshakuwa laini, halihitaji kuchekechwa wala kuanikwa. Kama kidogo hakina neno, alijiambia, kingi kitakuwa na neno gani? Akalimimina kwenye gundi badala ya lile la mbao, akaongeza, akaongeza tena, mpaka mwiko ukawa haugeuki.

Vishikio vilitoka vya fedha tupu. Shangazi, akiwa amejikongoja hadi mlangoni na khanga mabegani, alikipima kimoja mkononi.

"Mbona vizito?"

"Si vya sufuria kubwa, Shangazi?"

"Na umevijaribu?"

Chapuchapu alitazama njiani. Kuchemsha maji kulichukua muda, na wenzake walikuwa wanamsubiri na kamba. Isitoshe, vile vya kwanza si vilijaribiwa? "Nimejaribu," alisema. Shangazi kichwa kilikuwa kinamgonga. Akaamini, akarudi kulala. Chuma akavifunga, na mpishi wa kituo akaja mwenyewe kuichukua sufuria yake, akiibeba kichwani kwa maringo.

Siku iliyofuata walimu walikuwa na kikao, kwa hiyo wanafunzi waliachiwa mapema. Shangazi alikuwa amepata nafuu na ametoka kwenda kununua gundi. Chapuchapu alikuwa na njaa. Akaweka viazi jikoni katika sufuria yao ndogo, ile aliyoifunga kishikio kimoja kati ya vilivyobaki katika ule mchanganyiko wake wa fedha. Akawasha jiko, akaenda kusoma. Viazi vilipoiva akarudi, akakikamata kishikio kama alivyozoea, akainyanyua sufuria.

"Mama wee!"

Aliinyanyua kwanza, ndipo mkono ukahisi. Vidole vilifunguka vyenyewe. Sufuria ikaanguka, maji ya moto yakatapakaa sakafuni, yakapita karibu kabisa na miguu yake. Chapuchapu alirukia ukutani, akabaki pale akihema, kiganja kinawaka. Viazi vilibingirika mpaka chini ya meza.

Alitaka kulia, lakini kilio hakikupata nafasi. Wazo jingine lilimjia. Sufuria kubwa. Maziwa. Kituoni mpishi angeishika kwa mikono miwili, mitupu, kwa sababu vishikio vya Shangazi havichomi. Kila mtu anajua havichomi. Na watoto wadogo wakiamka usingizi wa mchana huketi kwenye mkeka baina ya jikoni na meza, wakisubiri maziwa yao. Mdogo wake mwenyewe, Kibonge, hukaa mbele ya wote, karibu na mlango wa jikoni, kwa uroho wake wa maziwa.

Alitazama jua. Ulikuwa ndio wakati wao wa kuamka.

Hapo ndipo hofu ilipomkamata kwelikweli. Si hofu ya kuchapwa. Hiyo aliijua, na aliizoea. Hii ilikuwa ngeni. Aliliona jiko lile, akauona mvuke, akamwona Kibonge amekaa na kikombe chake mapajani. Pengine maziwa hayajawekwa, alijiambia. Pengine mpishi atatumia kitambaa. Kitambaa? Kwa vishikio vya Shangazi? Thubutu! Akatoka nje mguu niponye, bila viatu.

"Wee Chapuchapu!" Chuma aliita kutoka karakanani kwake. Pikipiki yake ilikuwa imesimama hapo mlangoni. "Unakimbizwa na nani?"

Chapuchapu alisimama. Kusema kweli, ilitosha aseme maneno machache tu, na Chuma angempakia na kufika kituoni kabla hujamaliza kupiga chafya. Lakini Chuma akijua, Shangazi atajua. Shangazi akijua, yeye Chapuchapu ataambiwa asikanyage tena karakanani. Ulimi ukamwangusha tena.

"Hakuna kitu! Ninacheza tu!"

"Haya, cheza, kichaa wangu," Chuma alicheka, akarudi kwenye mashine yake.

Akakimbia. Barabara ilikuwa ya mawe, yakamchoma nyayo. Akawapita wauza matunda, akagonga beseni la mtu, akatukanwa, hakugeuka. Kila hatua alimlaani yule Chapuchapu aliyesema "hakuna kitu". Mbona hakusema? Pikipiki ile pale! Akataka kurudi, akaona atachelewa zaidi, akaendelea, huku analia bila sauti na kamasi zinamtiririka.

Lango la kituo lilikuwa limefungwa. Mlinzi, mzee mmoja mrefu asiyejua kutabasamu, alimtazama kupitia vyuma vya lango.

"Wakati wa kuchukua watoto bado."

"Shikamoo, babu. Nimemfuata mdogo wangu. Anaumwa."

"Marahaba. Mdogo wako ni yule Kibonge? Haumwi. Nimemwona sasa hivi anacheka na kikombe chake." Mlinzi alikunja mikono. "Nani kakufundisha uongo?"

Kikombe! Chapuchapu alishika vyuma vya lango kwa mkono wake uliochomwa, wala hakuyasikia maumivu. Uongo wote aliokuwa nao uliishia hapo. Hakuwa na mwingine wa kumfaa.

"Babu, nimedanganya. Vishikio vya sufuria ya maziwa nilivitengeneza mimi, nikaviharibu. Sikuvijaribu. Vinachoma! Mpishi akiishika ataiangusha juu ya watoto. Tazama!" Akafungua kiganja. Kilikuwa chekundu, na malengelenge yameanza kuvimba.

Mlinzi hakuuliza neno la pili. Akatoa funguo, lango likafunguka, Chapuchapu akapita chini ya kwapa lake.

Alichelewa.

Mpishi alikuwa ameshainyanyua sufuria. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, katikati kabisa ya njia, mvuke unampanda usoni. Watoto walikuwa wameketi mkekani mbele yake, miguu wameinyoosha, vikombe mkononi. Uso wa mpishi ulikuwa umebadilika. Midomo aliibana mpaka ikapotea, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama. Moto ulikuwa umeshamfika mikononi. Nyuma kulikuwa na ngazi ya jikoni, mbele watoto. Hakuwa na pa kuitua sufuria.

Na hakuiachia.

"Inukeni!" Chapuchapu alipiga ukelele ambao hata yeye hakujua anao. "Inukeni! Ondokeni! Kibonge, toka!"

Watoto walimkodolea macho. Kibonge akatabasamu, akamwonyesha kikombe. Chapuchapu alimvuta kwa shati, akamtupa pembeni kama mzigo, akamvuta wa pili, akausukuma mkeka na waliokuwa juu yake. Watoto wakaangua kilio. Mlinzi alifika akabeba wawili wawili, mmoja kila kwapa. Sakafu ikabaki tupu, na mpishi akapiga hatua, ya pili, ya tatu, akaitua sufuria chini. Maziwa yaliruka kidogo, yakamwagika ukingoni, yakatulia.

Ndipo alipotoa sauti. Ilikuwa sauti nyembamba, kama ya mtoto. Akakaa sakafuni, mikono ameinua mbele yake, na ngozi ya viganja imebadilika rangi.

"Leteni dawa ya meno!" mlinzi alihangaika.

"Hapana! Wala mafuta msimpake!" mwalimu wa kituo alikuja mbio. "Maji baridi ya bomba, yatiririke. Mkalisheni hapa." Walimweka mpishi bombani, maji yakamtiririkia kwa muda mrefu, na mkono wa Chapuchapu ukawekwa kando ya mikono yake chini ya bomba lile lile.

"Ningeiachia," mpishi alisema kwa taabu, "ningewaua. Nikasema, basi, mikono na iungue. Lakini vidole vilikuwa vinafunguka, mwanangu. Vilikuwa vinafunguka."

Chapuchapu aliweza tu kulia. Kisha, pale pale, maji yakiendelea kutiririka, alimwomba msamaha, akamweleza yote: kamba, debe tupu, ndoo ya alumini, "nimejaribu". Hata la Chuma na pikipiki hakulificha, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Mpishi alipelekwa zahanati. Shangazi aliitwa, akafika akiwa na kopo la gundi bado kwapani, na Chuma nyuma yake. Chapuchapu alirudia maneno yale yale mbele yao. Alikuwa anaogopa hata kuinua macho, lakini alisema mpaka mwisho. Shangazi alimsikiliza, kisha akalitua lile kopo la gundi chini. Chuma akaichukua sufuria, akaenda kuving'oa vishikio, pamoja na vile vingine vya fedha vilivyokuwa bado rafuni kwake. Hakikubaki hata kimoja.

Jioni hiyo Shangazi alimketisha karakanani.

"Unajua kwa nini vya kwanza havikuchoma?"

Chapuchapu alitikisa kichwa.

"Fikiria watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani mpaka nyumbani. Ukiwasimamisha wachache, kila mmoja mbali na mwenzake, ndoo itafika?"

"Haifiki. Mikono haikutani."

"Ndivyo. Chembe chache za alumini ndani ya gundi ndivyo zilivyo. Kila moja iko peke yake, imezungukwa na gundi, na gundi haipitishi moto upesi. Lakini ukizijaza mpaka zigusane, umewapanga watu bega kwa bega. Moto unatoka kwenye sufuria, chembe hii inaipa ile, ile inaipa nyingine, mpaka kwenye kiganja cha mtu. Vumbi la mbao hata ulijaze kiasi gani, mbao yenyewe ni mvivu wa kupokea moto. Ndiyo maana nakukalisha hapo nje na chekecheo, mwanangu. Sikukalishi ili kukutesa."

"Sikujua, Shangazi."

"Kutojua hakukuwa kosa. Ungeniuliza, ningekwambia. Ungejaribu, maji yangekwambia. Lakini ulisema umejaribu, ukaniziba macho mimi, ukamziba Chuma, ukamziba mpishi. Sote tulitembea gizani tukidhani tunaona." Akashusha pumzi. "Na mimi nina langu. Mzigo unatoka kwangu, nikaukubali kwa mdomo bila kuushika. Sitarudia hilo, homa au hapana homa."

Chapuchapu alisubiri kuambiwa asikanyage tena karakanani. Hakuambiwa. Aliambiwa kwamba kila siku baada ya shule, mpaka mikono ya mpishi ipone, ataenda kituoni kuosha vikombe na kufagia jikoni, kisha arudi kuchekecha. Akasema ndiyo, wala hakusema chapuchapu.

Mpishi alirudi kituoni mikono yote imefungwa bendeji nyeupe, akakaa kwenye kiti kuwaelekeza wengine. Hakuweza kushika kikombe; Chapuchapu ndiye aliyemnywesha chai. Siku hiyo ya kwanza watoto walimzunguka kuzitazama zile bendeji, na Kibonge akapenya mpaka mbele.

"Mama Mpishi, nani kakuchoma?" aliuliza.

Mpishi alifungua kinywa, akamtazama Chapuchapu, akakifunga. Angeweza kusema ni sufuria, na mtoto wa miaka minne angeridhika. Chapuchapu aliliona hilo. Kibonge alimpenda kuliko mtu yeyote, na hapakuwa na mtu duniani ambaye angependa asijue zaidi ya huyo. Akaweka kikombe chini.

"Ni mimi, Kibonge."

Mtoto alimtazama yeye, akatazama bendeji, akamtazama tena. Akasogea, akaenda kusimama upande wa pili wa kiti cha mpishi, mbali na dada yake.

"Umemwomba msamaha?"

"Nimemwomba."

"Mwombe tena."

Chapuchapu alipiga magoti. "Nisamehe, Mama Mpishi."

Mpishi aliinua mkono wake mnene wa bendeji, akauweka taratibu kichwani kwake.

"Nilishakusamehe pale bombani," alisema. "Lakini sikieni, wanangu nyote, na wewe Kibonge. Kazi ya mtu haiishii mkononi mwake. Inatoka, inakwenda kushikwa na watu asiowaona. Mtu akikuuliza kama kitu ni salama, mwambie kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba hukufanya kazi. Aibu ya kusema 'sijafanya' inapita siku hiyo hiyo. Hii mikono yangu haitapona leo wala kesho."

Kibonge alifikiri kidogo. Kisha akakiokota kile kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, akakibeba polepole, ulimi nje, akampa dada yake amnyweshe mpishi.